Bwana Afya Kalisti Kapele na Ntumba za Kiwanja cha Nguzo

Baba Paroko, viongozi wa serikali ya mtaa, walimu wa chekechea yetu, ndugu, jamaa na majirani mliotoka Pito, Muze na hapa hapa Mazwi, Tumsifu Yesu Kristo. Familia imenipa mimi, Christopha, mdogo wa marehemu, kazi ya kuwasomea maisha ya kaka yetu, na kwa kuwa yeye alikuwa mtu wa kusahihisha maandishi ya wenzake kwa kalamu nyekundu, hata kadi za mwaliko wa harusi, naomba mtuvumilie palipo na kosa, maana leo hayupo wa kulikosoa. Karatasi hii ina jambo moja mwishoni ambalo mjane, Mama Faith, ameagiza lisomwe kabla chakula hakijapakuliwa, kwa hiyo wapishi wanaombwa wawe na subira, na mifuniko ibaki juu ya masufuria.

Marehemu Kalisti Yusto Kapele alizaliwa tarehe 14 Oktoba 1961 katika kijiji cha Pito, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto sita wa Mzee Yusto Kapele na Mama Hilaria, ambao wote wawili wametutangulia, na kwa kuwa siku hiyo Kanisa humkumbuka Mtakatifu Kalisti, suala la jina halikuwa na mjadala, akabatizwa kwa jina hilo Jumapili ya tarehe 29 Oktoba mwaka huo huo.

Utoto wake ulikuwa wa jembe, kama wa kila mtoto wa Pito wa enzi hizo, na alipofikisha miaka saba Mama Hilaria alimfundisha kutengeneza ntumba. Kwa ajili ya wageni waliotoka mbali tunaeleza kidogo, ntumba ni tuta la mviringo ambalo Wafipa tumelima kwalo tangu mababu, mvua zikishakolea na nyasi zikarefuka mkulima hukata nyasi pamoja na udongo wake wa juu, hupindua chini juu, akarundika mpaka nyasi zote ziwe ndani na udongo wa chini uwe nje, akapanda maharage mgongoni mwake, kisha ikifika Novemba huipasua na kuisambaza shambani, nyasi zikiwa zimeshaoza na kuwa mbolea, tayari kwa ulezi au mahindi. Mama Hilaria alikuwa na desturi ya kupita nyuma yetu na kuzamisha mkono ndani ya kila ntumba mpaka kwenye kiwiko, na akikuta kilichotakiwa kuwa ndani hakimo, ntumba ile ilibomolewa na kuanzwa upya, bila kelele na bila kofi. Kalisti alibomolewa ntumba nyingi kuliko watoto wote wa nyumba ile, na tunaomba mlikumbuke jambo hilo, maana tutalirudia.

Alisoma shule ya msingi Pito kuanzia mwaka 1969 hadi 1975, akachaguliwa kwenda sekondari mkoani Mbeya, ambako alimaliza kidato cha nne mwaka 1979, akalitumikia taifa mwaka mmoja jeshini, kisha kati ya mwaka 1981 na 1983 akasomea kazi ya afya, akarudi nyumbani na sanduku la bati, cheti, na tabia ya kufunua kila mtungi wa maji aliokutana nao kuona kuna nini ndani. Mama yetu alivumilia wiki moja, ya pili akamwambia aende akafunue mitungi ya watu wanaomlipa.

Tarehe 2 Aprili 1984 aliajiriwa kuwa bwana afya na kupangiwa Muze, chini bondeni, ambako alifanya kazi kwa miaka tisa, akitembea kwa baiskeli kukagua vyoo, visima na machinjio, na jina la Kalisti likafa kabisa, kila mtu akimwita Bwana Afya, hadi watoto wake walipoanza shule walidhani ndilo jina la ukoo. Ni huko Muze alikompata Rozina, na namna alivyompata inafaa kusemwa kwa sababu inamweleza mtu mwenyewe. Mwaka 1986 alikagua kaya ya Mzee Cleophas, akakuta kisima kimechimbwa hatua kumi na moja tu kutoka chooni, akakifunga siku hiyo hiyo kwa mbao na misumari, huku mzee akimtazama, na miezi minne baadaye akarudi katika kaya ile ile, akiwa amevaa koti, pamoja na mshenga, kuposa. Mzee Cleophas akasema, "Umenifungia kisima, sasa unataka na binti yangu?" Bwana Afya alijibu kwamba binti anamtaka na kisima hakifunguliwi. Akavua koti, akaenda kupima mahali pa kisima kipya, akakichimba yeye na shemeji yake Nestory kwa siku kumi na nane, na ndipo posa ikapokelewa. Walifunga ndoa takatifu tarehe 27 Juni 1987, na Mungu akawajalia watoto watatu, Faith aliyezaliwa mwaka 1988, Teodori aliyezaliwa mwaka 1991, na Lucia aliyezaliwa mwaka 1996, na wajukuu watano, ambao wote hunawa mikono kwa sabuni kabla hata hawajaulizwa.

Mwaka 1993 alihamishiwa Sumbawanga mjini, na hapo ndipo alipokutana na ardhi hii mliyoikalia sasa. Wengi wenu ni vijana na mmeikuta ikiwa hivi, na chekechea, na vibanda vya biashara, na nyumba zenye maua, lakini wakubwa wanajua kwamba kuanzia mwaka 1978 hapa palikuwa na yadi ya kutibia nguzo za umeme, magogo yalishushwa, yakatumbukizwa kwenye tangi refu la zege lililojaa dawa ya kuzuia mchwa, yakatolewa yakichuruzika, yakaachwa yakauke juani. Ile yadi ilifungwa mwaka ule ule aliohamia yeye, waliokuwa wakiiendesha waliondoka na mashine zao, wakaacha tangi, vipande vya nguzo na udongo, na udongo ule ndio uliokuwa umeinywa dawa kwa miaka kumi na tano. Ndani ya dawa ile mlikuwa na aseniki, sumu isiyo na harufu wala ladha, ambayo haimwangushi mtu siku moja, bali humkaa mwilini kidogo kidogo.

Uzio ulipoanguka, nyasi ziliota, na penye nyasi na udongo Mfipa haoni yadi, anaona shamba. Kuanzia mwaka 2002 wanawake tisa wa mtaa huu walianza kulima pale, wakiongozwa na Mama Dominika, ambaye nyumba yake iko pale pale ilipokuwa, upande wa mashariki, na ambaye leo yuko nasi, amekaa karibu na jiko. Walilima kama walivyolelewa, kwa ntumba, na kwa miaka tisa walivuna maharage, mahindi na ulezi, wakala na watoto wao.

Mwaka 2011 ilipangwa kwamba kiwanja kile kigawiwe, upande mmoja ijengwe chekechea, upande mwingine vipimwe viwanja vya familia kumi na mbili ambazo nyumba zao zilikuwa zikichukuliwa na maji kila masika, na kwa kuwa Bwana Afya alikuwa amesoma kozi ya miezi sita Dar es Salaam ya kupima udongo wenye sumu, yeye ndiye aliyepewa kazi ya kusema kama ardhi ile inafaa kukaliwa. Alipewa fomu iliyoandaliwa na watu wa mbali, nayo ilisema achukue udongo wa juu, kina cha shubiri moja, sehemu ishirini na nne. Akaja mwezi wa Aprili, maharage yakiwa yamechanua mgongoni mwa ntumba, akachimba shubiri moja kutoka juu ya ntumba, sehemu ishirini na nne, kwa utaratibu mzuri sana, akiandika kila kitu kwa mwandiko wake ule wa kulala, akafunga mifuko, akaipeleka maabara. Majibu yakaja safi. Tarehe 30 Juni 2011 akatia sahihi ripoti iliyosema kiwanja hakina tatizo, na mtaa ukafurahi, na Nestory, shemeji yake yule wa kisima, ambaye naye alikuwa kwenye orodha ya viwanja, akachinja mbuzi.

Sasa sikilizeni. Asubuhi ya Jumamosi, tarehe 12 Novemba 2011, mvua za kwanza zikiwa zimenyesha, Bwana Afya alipita kwa baiskeli kutazama vigingi vya msingi wa chekechea vikipigwa, akamkuta Mama Dominika anapasua ntumba zake kwa mara ya mwisho, ili angalau apate msimu mmoja wa ulezi kabla ya wajenzi. Alisimama kumwamkia, shikamoo mama, marahaba, na wakati wanaulizana habari za nyumbani macho yake yakaangukia kwenye ntumba iliyokwisha kupasuliwa, akaona ndani yake, pale penye nyasi zilizooza, mstari wa udongo wenye ukijani uliopauka, rangi ya ile dawa ya nguzo, na vibanzi vya mbao za nguzo. Mama Dominika, ambaye hajui kuacha jambo lipite, akashika kiuno, akamwambia, "Bwana Afya, wewe si mtoto wa Hilaria wa Pito? Mwezi wa nne nilikuona unachimbachimba juu ya ntumba zangu, nikasema labda wasomi wana yao. Udongo wa juu uliokuwa unautafuta si ndio huu hapa ndani?"

Ndugu waombolezaji, mgeni angeweza kukosea vile na asilaumiwe, lakini huyu alikuwa mtoto aliyebomolewa ntumba na mama yake zaidi ya mara hamsini, kwa jambo hilo hilo, kwamba cha juu kiko ndani. Alikuwa amepima udongo uliotoka chini, udongo uliojificha dawa isiufikie, na sumu yenyewe akaiacha imekunjwa katikati ya ntumba, akaipa cheti. Mama Faith anasema siku ile alirudi nyumbani akikokota baiskeli, hakula, akakaa kibarazani akiutazama mkono wake wa kulia, kisha akauliza karatasi nyeupe ziko wapi.

Barua aliyoiandika tunayo, ni ya tarehe 14 Novemba 2011, na ina mistari mitatu tu, kwamba ripoti yangu ya tarehe 30 Juni si sahihi, kosa ni langu na si la mtu mwingine, na mtu yeyote asijenge wala asilime katika kiwanja hiki mpaka kipimwe upya na mtu mwingine asiyekuwa mimi. Nakala moja aliipeleka ofisini, na ya pili aliibandika mwenyewe kwenye ubao wa matangazo wa mtaa, mchana kweupe, watu wakimwona, akasimama pale mpaka jioni kujibu maswali.

Hatutaficha kwamba mtaa ulimkasirikia. Vigingi vya msingi viling'olewa, familia kumi na mbili zikarudi kwenye maji, wapo waliosema amenunuliwa na wapo waliosema amerukwa na akili, Nestory hakukanyaga nyumbani kwa dada yake kwa miaka miwili, na kazini akaondolewa kwenye mambo ya udongo, akapewa kukagua machinjio, kazi ambayo, kwa kweli, aliifanya kwa furaha kubwa mpaka wachinjaji wakaomba apelekwe kwingine. Mwaka 2013 walikuja wataalamu, wakapasua ntumba zilizobaki, wakachukua udongo wa ndani, na majibu yakathibitisha barua yake, sumu ilikuwepo, na kubwa kuliko zote ilikuwa kwenye kona ya tangi, upande wa Mama Dominika. Wanawake tisa walipimwa, na tunamshukuru Mungu kwamba hakukutwa hata mmoja mwenye madhara ya kuhitaji tiba, lakini waliambiwa jembe lisishuke tena pale.

Siku hiyo Mama Dominika alimfuata Bwana Afya mbele ya watu, na hakumtukana, ingawa angetukana tungeelewa, maana alikuwa amelisha wajukuu wake kutoka shamba lile. Alimwambia, "Mimi sili tena kitu cha ardhi hii mpaka wewe mwenyewe uniambie kwamba imepona, na siku hiyo uwe umesoma vizuri." Kaka yetu akasema sawa mama. Tangu siku ile mpaka anafumba macho, miaka kumi na miwili, maneno hayo mawili, sawa mama, ndiyo yaliyomwamsha na kumlaza.

Usafishaji ulianza mwezi Mei 2014 na kumalizika Oktoba 2018, na yeye aliyeondolewa kwenye udongo aliomba arudishwe, si kama mpimaji, bali kama msimamizi wa gambuti. Alisimamia kila kibarua avae gambuti na glavu, asile wala kuvuta sigara ndani ya kiwanja, anawe na kubadili nguo kabla ya kwenda kwake, na malori yafunikwe turubai. Udongo mchafu ulikwanguliwa mpaka kina cha goti, kwenye kona ya tangi mpaka kina cha kifua cha mtu mzima, ukapelekwa mbali na mito, ukafukiwa kwenye shimo lililotandikwa udongo wa mfinyanzi na plastiki nene, likafunikwa na kuwekewa alama, na lori la kwanza kutoka nje ya geti liliendeshwa na Nestory, ambaye alikuwa amekuja asubuhi bila kuitwa, akasema funguo ziko wapi. Wakati malori yanaenda na kurudi, Bwana Afya alizunguka nyumba kwa nyumba akikusanya vipande vya nguzo za zamani, maana watu walivifanya viti, mabanda ya kuku na hata kuni, na moshi wa kuni zile ni sumu mara mbili. Palipokuwa na ubishi alikaa, akanywa uji, akaeleza tena. Banda la kuku la Mama Dominika alilibomoa yeye, akamjengea jingine la miti ya mlingoti isiyotiwa dawa, na kuku, tunaambiwa, hawakulipenda.

Mwaka 2019 kiwanja kilitangazwa kuwa kinafaa, chekechea ikajengwa, vibanda vikapangwa, na familia kumi na mbili zikapata viwanja vyao, na ya kumi na tatu ikawa ya Kalisti mwenyewe, aliyeuza nyumba yake nzuri ya upande wa pili wa mji, akajenga hii hapa, akisema hawezi kumwambia mtu akae mahali ambapo yeye hakai. Walihamia tarehe 8 Februari 2020. Alistaafu rasmi Oktoba 2021, akaagwa na wenzake kwa saa ya ukutani, ambayo aliirekebisha siku hiyo hiyo kwa kuwa ilichelewa dakika nne.

Lakini watu wote walipokwisha kuamini, yeye alikuwa bado. Kona ya tangi aliiomba iachwe bila kujengwa, na hapo, kuanzia msimu wa 2021, alitengeneza ntumba kumi na mbili kwa mkono wake, akapanda maharage, na kila mwezi wa Juni alizipasua zote, akachukua udongo wa katikati kabisa, akachukua na maharage, akapeleka maabara, kisha mavuno yote akayafukia, kila mwaka, huku wajukuu wakimwangalia kama mtu anayefukia sukari. Mwaka wa kwanza majibu yalikuwa safi, wa pili safi, wa tatu safi, na watu wakamwambia nenda basi kamwambie mama wa watu, naye akasema misimu mitano, kwa sababu mara ya kwanza aliharakisha. Mama Dominika naye hakuuliza. Kila walipokutana kisimani waliamkiana, wakaongea mambo ya mvua na ya wajukuu, na jambo lile likakaa katikati yao kwa adabu kabisa.

Vijana waliokuja kazini baada yake aliwafundisha, na kama mtatazama fomu wanazotumia leo katika ofisi ile, mstari wa kwanza kabisa, juu ya jina la kiwanja, unasema, ardhi hii imelimwa, imelimwa vipi, muulize aliyeilima. Mstari ule ni wake, na ni Mama Dominika aliyeuandika kabla yake, bila kalamu.

Marehemu alianza kusumbuliwa na shinikizo la damu mwaka 2017, akawa mtumiaji mwaminifu wa dawa na mbishi wa chumvi. Tarehe 21 Agosti 2025, akiwa anatengeneza baiskeli ya mjukuu wake, alipata kiharusi, akakimbizwa hospitali, ambako alilazwa kwa siku kumi na tisa, akili yake ikiwa nzima lakini ulimi umegoma, akawa anauliza jambo moja tu kwa kuchora mstatili hewani kwa kidole, na Mama Faith alielewa kwamba anauliza bahasha ya maabara, akamjibu kila siku kwamba haijaja. Alitutoka kwa utulivu Jumanne, tarehe 9 Septemba 2025, saa nne asubuhi, Rozina akiwa amemshika mkono ule ule wa kulia. Tunajua kuna maneno yanapita mtaani kwamba ni sumu ya kiwanja iliyomuua, na kwa sababu yeye hakupenda uvumi tunasema wazi, daktari ametueleza kuwa ni kiharusi kilichotokana na shinikizo la damu, kama kilivyomchukua baba yetu Mzee Yusto, ambaye hakuwahi kukanyaga yadi ile.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia usiku na mchana, wakavumilia kusahihishwa kwa macho, maana ulimi ulipogoma macho yaliendelea na kazi. Tunaishukuru jumuiya yetu ndogo ndogo kwa sala na kwa maji ya kuoga yaliyochemshwa bila kuombwa, wafanyakazi wenzake wa zamani, vijana wa fomu, wachinjaji waliokuja na ng'ombe mzima na cheti chake cha ukaguzi, shemeji yetu Nestory aliyesafiri hadi Muze na kurudi ili wazee wasikose usafiri, na majirani wote wa viwanja kumi na viwili, ambao tangu Jumanne hawajatuacha peke yetu hata kwa muda wa kunywa chai. Kama kuna tuliyemsahau asitulaumu, tumechoka na tunalia.

Sasa lile jambo la mwisho. Bahasha ilifika Jumatano, siku moja baada ya yeye kuondoka. Katika daftari lake, chini ya tarehe 14 Agosti, wiki moja kabla ya kuugua, tulikuta ameandika kurasa mbili, moja ya kusoma kama majibu ni safi, nyingine ya kusoma kama si safi, na juu yake maagizo kwamba kwa vyovyote vile Mama Dominika aambiwe kabla ya mtu mwingine yeyote. Mama Faith alimwita chumbani, akamwambia, na Mama Dominika akasema amesikia, ila Kalisti aliahidi kumwambia yeye mwenyewe, kwa hiyo atasubiri maneno yake yasomwe mwili ukiwa bado uko nyumbani. Kisha akanyanyuka, akaenda stoo, akatoa gunia la maharage ya msimu huu wa tano, ambalo safari hii halijafukiwa, na tangu alfajiri ya leo amekuwa akiyapika, sufuria ile ya tatu, yenye mfuniko wa bluu. Tunawatangazia sasa kwa sababu marehemu asingekubali mle kwanza ndipo mwambiwe, na asiyetaka kuna sufuria mbili nyingine. Mpishi ameomba radhi kama chumvi imepungua, hajaonja hata punje moja, anasubiri tumalize kusoma, na ameomba apakuliwe wa kwanza.

Mama Dominika, haya ni maneno ya Kalisti, kwa mwandiko wake, ukurasa wa kwanza, ule wa pili tumeuacha ulivyo. "Shikamoo mama. Nimepasua ntumba zote kumi na mbili, misimu mitano, nimechukua udongo wa ndani, nimezamisha mkono mpaka kwenye kiwiko. Nilikukosea na sikuwahi kusahau. Ardhi yako imepona. Kula."

Kaka, safari hii umesoma vizuri. Pumzika kwa amani.